Mwanafunzi na Nafsi Yake

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wazazi hulileta shuleni mara kwa mara, ingawa hawalisemi kwa maneno haya nitakayoyatumia mimi. Wao husema, "Mwalimu, mtoto huyu tangu aingie kidato cha pili simwelewi." Mwalimu hufungua daftari na kumsomea alama zake. Mzazi huitikia kwa adabu, maana hakuuliza alama, kisha huenda zake stendi kutafuta basi la Handeni au la Mombo, na jambo lake bado li moyoni.

Mimi ni mzaliwa wa Handeni niliyeletwa Korogwe na kazi, na kazi yangu ni kufundisha historia. Nionavyo, shule zetu humfundisha mtoto mambo mengi ya ulimwengu, nayo ni mema, lakini hazimpi nafasi ya kujifunza habari za yule anayefundishwa. Mwanafunzi aweza kuuchora moyo wa binadamu wenye vyumba vinne, akaandika jina la kila mshipa bila kukosea, naye asijue moyo wake mwenyewe wapenda nini, waogopa nini, na kwa nini jana ulimkasirikia mwenzake bila sababu. Tena nasema ya kuwa jambo hili ni la roho. Si pambo la kuongezwa mwisho wa juma baada ya masomo kwisha. Ndilo linaloyapa masomo mahali pa kukaa.

Dini zetu mbili kubwa za huku hazigombani juu ya hili. Masheikh wa tarika huwafundisha wanafunzi wao kwamba mtu aijuaye nafsi yake ndiye aliye karibu kumjua Mola wake. Na Wakristo wana Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria. Alikuwa mwalimu wa ufasaha, mtu wa vitabu na mashindano ya maneno, mwenye sifa hata Italia. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kuichungua nafsi yake mbele ya Mungu, na ndani yake hakuficha hata habari za kuiba matunda utotoni. Elimu alikuwa nayo tangu zamani. Kujijua kulimjia baadaye, tena kwa taabu.

Lakini niache watakatifu nije kwa watahiniwa. Wanafunzi wa leo walikuwa wadogo sana, au hawajazaliwa, mwezi Februari mwaka 2013 yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Katika kila watahiniwa kumi, kama sita walipata daraja la sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi Mei mwaka ule ule matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na maelfu ya vijana waliokuwa wameambiwa wameshindwa wakaambiwa wamefaulu.

Sina nia ya kufufua ubishi wa viwango. Wenye kazi hiyo wapo. Ninalotaka tulitazame ni hili. Kijana yule, baina ya Februari na Mei, hakusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Hakuongeza akili wala hakupungukiwa. Mwezi Februari aliitwa sifuri akajiona sifuri, na mwezi Mei akaitwa jina jingine. Ni yupi kati ya hao wawili alikuwa yeye? Namjua mmoja, jina lake silitaji, aliyeyachoma madaftari yake yote nyuma ya jiko la mama yake. Matokeo mapya yalipotoka alikuwa amekwisha kwenda kukata mkonge, wala hakutaka kuyatazama. Kukata mkonge si aibu. Korogwe imesimama juu ya mkonge tangu enzi za Wajerumani, na wengi tuliosoma tulisomeshwa kwa fedha yake. Lililonisikitisha ni kwamba hakwenda huko kwa kuchagua. Alikwenda kwa sababu karatasi ilimwambia yeye si kitu, naye hakuwa na neno lake mwenyewe la kuijibu karatasi.

Nani alipaswa kumpa neno hilo? Si rahisi kujibu, maana mtu hawezi kupewa kujijua kama apewavyo sare ya shule. Lakini aweza kulelewa mahali ambapo kujijua kunawezekana. Hapa nitawapeleka wasomaji mbali kidogo, kisha nitawarudisha Handeni.

Miaka ya 1830 nchi ya Uzigua ilipatwa na ukame na njaa kali. Watu wengi walishuka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani, wako waliowaweka watoto wao, na wako waliodanganywa kwamba wanapelekwa penye kazi na chakula. Wakapakiwa majahazini, wakauzwa katika pwani ya Benadir, katika miji kama Barawa na Marka, na kulimishwa mashamba ya watu. Wazee wao husimulia kwamba baadaye wengi walitoroka wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, mwenye kipaji cha kuona mambo yaliyofichika, wakashika njia ya kusini ili warudi kwao. Kwao hawakufika. Walikaa katika misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakajilinda na waliotaka kuwakamata tena.

Huko walikaa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Hawakuwa na shule ya Kizigua, wala kitabu cha Kizigua. Wengi wao walisilimu, walijifunza Kisomali, walidharauliwa kwa sura zao na nywele zao, na waliitwa majina ambayo sitayaandika katika gazeti la shule. Kizigua hawakukiacha. Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991 baadhi yao walikuja Tanzania kwa vyombo vya baharini, wakahifadhiwa katika wilaya ya Handeni, na mwaka 2003 wakapewa makazi ya Chogo. Baadaye wengi wao walipewa uraia. Wenzao waliokimbilia kambi za Kenya walipelekwa Marekani kwa maelfu, na hata leo wako watoto huko wanaoitwa kula na mama zao kwa Kizigua.

Nimewasikia watu wa Chogo wakizungumza na wazee wetu. Maneno yao mengine ni ya zamani, ambayo pale soko la Chanika yamekwisha kusahauliwa. Wazee wetu kwanza walicheka, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Huyu anasema kama bibi yangu." Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa walitiwa utumwani kweli, kwa kamba na kwa bei, lakini asili hawakuiacha, na kwa hiyo utumwa ulikuwa nje yao. Sisi tulio huru tuna watoto wanaoona haya kusema mama zao watoka kijiji gani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ya kuwa lugha ya kwetu yatosha na fizikia itupwe. Watoto wa Chogo wahitaji fizikia kama watoto wa Dar es Salaam, na miaka ile ya Juba ilikuwa miaka ya shida, si ya kusifiwa na mtu aliyeshiba. Wala lugha peke yake siyo iliyowalinda. Wako watu wanaosema lugha yao usiku na mchana nao hawajijui hata kidogo. Ninalodhani liliwalinda ni kwamba kila mtoto aliambiwa, na mtu anayempenda, watu wake ni nani na walifikaje pale. Kwa hiyo alipoitwa mtumwa, alikuwa na habari nyingine ndani yake ya kulinganisha. Kijana wangu wa sifuri hakuwa nayo.

Zamani, katika nchi hizi za Uzigua, Ubondei na Usambara, sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa na jando na unyago. Mtoto alitengwa na wenzake, akakaa na wakufunzi, akafundishwa kwa nyimbo, mafumbo na kazi, na aliporudi nyumbani alikuwa amekufa utoto wake. Siwezi kuyasifu yote. Yako mafundisho yaliyomtisha mtoto kuliko kumfunza, na hata siku hizi wako wasichana wanaotolewa darasani kwa ajili ya ngoma, nao wakirudi wameambiwa kwamba kilichobaki ni mume tu. Hilo nalipinga, na kila mzazi anisomaye ajue kwamba nitakuja nyumbani kwake kulipinga. Hata hivyo wazee walijua jambo ambalo sisi wenye ratiba ya kengele tumelisahau, kwamba mtoto hawi mtu mzima kwa kutimiza miaka tu. Lazima aketishwe mahali, aulizwe, anyamaze, afikiri, na awepo mkubwa wa kumsubiri.

Wako waliojaribu kuunganisha mambo hayo mawili. Kule kusini, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, hakulipiga marufuku jando kama walivyofanya wengine. Alilichukua akaliingiza katika mafundisho ya Kanisa lake, akiamini kwamba dini mpya isipoketi mahali pale pale ambapo mtoto hugeuzwa kuwa mtu, itabaki kuwa nguo ya Jumapili. Wako waliomlaumu, Wazungu kwa Waafrika. Mimi naona swali lake lilikuwa la kweli, na swali hilo hilo latungoja sisi, ila badala ya dini weka shule. Je, shule yetu imeketi mahali pale, au ni nguo ya Jumatatu hadi Ijumaa?

Najua nitajibiwa kwamba shule ya serikali si msikiti wala kanisa. Kweli. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zilipochukuliwa na serikali, watoto wa dini zote huketi dawati moja, nami sitaki kurudi nyuma ya hapo. Vipindi vya dini tunavyo, kila kundi na mwalimu wake, navyo ni vizuri. Lakini nimesimama nje ya madirisha ya vyote viwili, na mara nyingi nimesikia sauti ile ile ya darasa la jiografia: taja, eleza, toa mifano mitatu. Hata habari za Mwenyezi Mungu huandikwa kwa nukta na kupigiwa mstari kwa rangi nyekundu.

Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi mwaka 1967, aliilaumu elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwa ilimtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani vitabu peke yake ndivyo maarifa, hata akawadharau wazee wasiosoma. Watu wengi walilisoma neno kujitegemea wakaliona jembe. Mashamba ya shule yakalimwa, na mengine yakawa ya kuwaadhibia wachelewaji tu. Mimi nalisoma neno hilo nikiona pia jambo la ndani, kwa maana mtu hujitegemeaje asipojua huyo anayemtegemea ni nani?

Sasa tuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Nalipokea kwa furaha. Hofu yangu ni moja. Naogopa siku ambapo mwanafunzi atapata alama zote kwa kuandika faida tano za uaminifu, na faida ya tatu na ya nne ameziona kwenye karatasi ya jirani yake.

Niseme na jambo la lugha, maana limeniuma siku nyingi. Katika shule moja niliyopita zamani, mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kiswahili au lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, naye hakukivua mpaka amkamate mwenzake. Basi siku nzima watoto walikuwa wapelelezi wao kwa wao. Kiingereza chao hakikuongezeka. Kilichoongezeka ni ukimya. Mtoto aliyefundishwa kwamba sauti ya mama yake ni kosa atajitambuaje kwa sauti gani? Tujifunze Kiingereza, tena tukijue sawasawa, lakini tusikinunue kwa bei hiyo.

Kwa upande wa kuandika, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Shule yake ilikuwa miaka michache tu mjini Dar es Salaam, kisha akawa karani wa serikali, kazi ya kuhesabu mizigo na kuandika barua za watu wengine, hata alipokaribia uzee. Ofisini hakuwa mkubwa. Lakini karani huyo alikaa na nafsi yake usiku baada ya kazi, akaandika maisha yake mwenyewe, na mke wake alipofariki aliwaachia watoto wake maneno ya utenzi badala ya mali. Alifariki mwaka 1962. Cheo alichokuwa nacho siku ya mwisho ya kazi yake hakuna anisomaye anayekikumbuka, nami sikumbuki.

Na kabla yake, huko Magila upande wa Muheza, walimu na wamisionari walikuwa wakipiga chapa gazeti la Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890, na ndani yake Waafrika waliandika mambo yao. Mwalimu mmoja wa misheni hiyo, Samwil Sehoza, alifungwa na Wajerumani pamoja na wenzake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipotoka aliandika kitabu, Mwaka katika Minyororo, kilichotolewa mwaka 1921. Yeye naye alikuwa ameitwa jina na wenye nguvu, jina la haini. Alilijibu kwa kalamu.

Basi, baada ya maneno mengi, haya ndiyo niliyoyaanza, na ndiyo ninayoomba shule iyakubali. Muhula uliopita nililiambia darasa langu moja la kidato cha tatu kila mtu awe na daftari ambalo halitasahihishwa. Kila Alhamisi baada ya vipindi tunakaa chini ya miembe kwa nusu saa. Robo ya kwanza hakuna kusema wala kuandika. Anayetaka kumwomba Mungu wake amwombe, asiyetaka atazame mlima. Robo ya pili wanaandika. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: nani alikupa jina lako, na kwa nini hilo? Darasa lina wanafunzi arobaini na watatu. Ishirini na mmoja hawakujua.

Sitadanganya kwamba mambo ni mazuri tu. Wako wanaosinzia robo ile ya kwanza, na vijana wawili wa nyuma huutumia muda huo kula maembe mabichi. Wako walioniuliza kama jambo hili litatoka kwenye mtihani, na nilipowaambia halitatoka waliniangalia kama mtu aliyewaibia. Mwalimu mwenzangu wa hesabu amesema ningempa yeye nusu saa hiyo, angalau wangejua sehemu na asilimia. Nimemjibu kwamba akija kukaa nasi Alhamisi moja, nitampa ya pili yake. Hajaja.

Lakini msichana mmoja aliandika kurasa sita. Aliniomba nizisome ingawa nilikuwa nimesema sitasoma. Aliandika kwamba daima amekuwa akisema anataka kuwa daktari kwa sababu shangazi yake aliyempeleka shule hutaka hivyo, na kwamba chini ya mwembe amegundua kuwa ni kweli anautaka udaktari, lakini kwa sababu nyingine, ya kifo cha mdogo wake, ambayo alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alama zake za kemia hazijabadilika bado. Nimeacha kuzitazama kwa jicho lile la kwanza.

Wazazi wetu, likizo ya mwezi Juni daftari hizi zitakuja nyumbani. Swali la likizo ni kumtafuta mtu mzee kuliko wote katika ukoo, awe Kwamkono, Kwamsisi, Mazinde au Bungu, na kumwuliza watu wetu walitoka wapi, walipita njia gani, na nini waliahidi wasikisahau. Mtoto akija kuuliza, msimwambie aende akasome kwanza. Na bibi akitaka kujibu kwa Kizigua au Kishambaa, mwacheni ajibu hivyo hivyo; aandike anavyosikia, tahajia tutaitengeneza pamoja mwezi Julai.